Tangi Jipya la Maji ya Chumvi: Litengeneze Kwanza, Ndipo Utie Samaki

Ukiwa mkaaji wa Makadara, Mombasa, huna safari ndefu ya kufika baharini. Ukipita vichochoro vya Mji wa Kale, mara umetokea Bandari ya Kale, na maji ya chumvi yako mbele yako. Basi si ajabu ukitamani kuwa na kipande cha bahari nyumbani mwako: tangi la kioo, mchanga mweupe, mawe ya tumbawe, na samaki wawili watatu wa rangi wakiogelea humo. Mwalimu hulitaka tangi la namna hii kwa ajili ya wanafunzi wake, mwenye hoteli hulitaka kwa ajili ya wageni, na kijana avuaye samaki wa mapambo hulihitaji ili awahifadhi samaki wake wangali hai mpaka mnunuzi afike.

Lakini mara nyingi mambo huwa hivi. Mtu hununua tangi Jumamosi. Jumapili hulijaza maji. Jumatatu huyatazama maji, huyaona maangavu kabisa, hufurahi, hutia samaki sita. Siku ya tatu samaki wamepanda juu wakihema. Siku ya saba amebaki mmoja, au hakubaki hata mmoja. Mwenye tangi husema kwamba aliuziwa samaki wagonjwa, au kwamba yeye hana mkono wa kufuga. Huenda ikawa hivyo, lakini mara nyingi sababu ni nyingine: tangi lilikuwa bado halijawa tayari kukaa samaki.

Huenda ukauliza, gazeti la wakulima lina shughuli gani na samaki wa kutazamwa? Shughuli ipo. Kutunza samaki ndani ya tangi ni ufugaji, na kanuni iongozayo tangi ndiyo ile ile iongozayo shamba. Tena, samaki hawa hutoka katika matumbawe yetu wenyewe. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakapauka na kufa. Samaki atolewaye katika mwamba kisha akafa sebuleni kwa muda wa juma moja ni hasara mara mbili: fedha imepotea, na mwamba umepunguzwa bure.

SAMAKI NA SAMADI

Kila mkulima ajua kwamba samadi mbichi haitiwi shimoni pamoja na mche. Ukiitia ingali mbichi, mche huungua. Huna budi kuilaza samadi, ioze, ipoe, ile harufu kali iishe. Ndipo itakapokuwa chakula cha mmea. Harufu ile iwashayo pua katika banda la kuku lisilofagiliwa ni ya hewa iitwayo amonia.

Samaki naye hutoa amonia. Nyingi hutoka katika matamvua yake kila anapopumua, na nyingine hutoka katika mavi yake na katika chakula kilichobaki na kuoza. Baharini jambo hili halimdhuru, kwa kuwa maji ni mengi mno, na amonia hupotea mara moja. Lakini ndani ya tangi la lita 100 haina pa kwenda. Hukusanyika saa baada ya saa, nayo huyachoma matamvua ya samaki kama samadi mbichi ichomavyo mizizi.

Tena, katika maji ya bahari amonia ni kali zaidi kuliko katika maji matamu ya mto. Kipimo cha pH cha maji ya bahari ni karibu 8.2. Katika maji ya namna hiyo, hasa yakiwa ya joto kama haya yetu, sehemu kubwa zaidi ya amonia hukaa katika hali yake ya sumu. Basi kiasi kidogo ambacho samaki wa mtoni angekivumilia, samaki wa baharini huweza kufa nacho.

Jambo la kuangalia sana ni kwamba amonia iliyomo majini haina rangi, na kwa kiasi hicho kidogo haina harufu. Maji huweza kung'aa kama kioo na yakawa sumu. Basi usiyahukumu maji kwa macho.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Ni nani, basi, aifanyaye samadi mbichi kuwa mbolea njema? Ni vijidudu viitwavyo bakteria, vidogo hata havionekani ila kwa hadubini. Vijidudu hivyo hivyo ndivyo viwezavyo kulisafisha tangi lako, navyo hufanya kazi kwa makundi mawili.

Kundi la kwanza huichukua amonia na kuigeuza kuwa kitu kiitwacho nitriti. Kundi la pili huichukua nitriti na kuigeuza kuwa nitrati. Majina haya yafanana sana, kwa hiyo yasome kwa uangalifu: nitriti ni ya katikati, nitrati ni ya mwisho. Nitriti bado ni hatari, ingawa chumvi ya bahari huwakinga samaki kidogo na ukali wake. Nitrati haina ukali ila ikizidi sana, nawe waweza kuipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji. Hiyo nitrati huifahamu leo. Imo ndani ya mbolea ya CAN ambayo wakulima wengi huikuzia mahindi.

Vijidudu hivi haviogelei ovyo majini. Vingi hujishika juu ya mchanga, juu ya mawe, na katika sponji ya chujio. Tena huongezeka polepole. Vijidudu vya kuozesha chakula huweza kuwa maradufu kwa muda wa nusu saa, lakini hivi vyetu huhitaji nusu siku, au siku nzima, au hata zaidi. Ndiyo sababu tangi jipya halina budi kungojewa.

Jambo hili lilijulikana kwanza kwa ajili ya ukulima. Mwaka 1877 wataalamu wawili wa Ufaransa, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walichukua bomba lenye urefu wa meta moja, wakalijaza mchanga na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Kisha wakayapitisha humo maji machafu ya mji, polepole sana. Kwa muda wa siku 20 amonia iliingia juu ikatoka chini vile vile, kana kwamba mchanga haufanyi kazi yo yote. Baada ya hapo, nitrati ikaanza kuonekana, na amonia ikatoweka. Wakatia mvuke wa klorofomu, dawa iwalazayo viumbe hai, na mara ile kazi ikasimama. Hapo wakajua kwamba mfanyakazi ni kitu chenye uhai. Miaka michache baadaye, mwaka 1890, Mrusi mmoja jina lake Sergei Winogradsky, akifanya kazi katika mji wa Zürich, Uswisi, akafaulu kuvitenga vijidudu vyenyewe.

Bomba lile la mwaka 1877 lilikuwa na mchanga, chokaa, maji na amonia. Tangi lako nalo lina mchanga, mawe ya chokaa ya baharini, maji na amonia. Na zile siku 20 za kungojea nawe huna budi kuzingojea, pengine na zaidi.

Ukitaka mfano wa karibu, vuka daraja la Nyali uende Bamburi. Huko yalikuwako machimbo ya mawe ya tumbawe yaliyochimbwa kwa ajili ya simiti, mahali pakavu pasipo udongo. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kupanda miti pale. Hakuanza kwa kuleta wanyama wakubwa. Alianza na mivinje, ambayo mizizi yake hukaa na vijidudu viipatiavyo chakula. Kisha akaleta majongoo wenye miguu myekundu, wale ambao kila mtoto wa pwani awajua, wakayala majani makavu ya mivinje na kuyageuza kuwa udongo. Baadaye ndipo msitu ulipositawi na wanyama wakapata makao. Leo watu huenda kutazama viboko na twiga, lakini waliotangulia ni majongoo. Tangi la samaki lina utaratibu huo huo: wadogo hutangulia.

MAHALI PA KULIWEKA TANGI

Sasa tutazame kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa tangi la lita 100, kwa kuwa tangi dogo zaidi ya hapo huchafuka upesi na kumsumbua anayeanza.

Kwanza fikiri uzito. Lita 100 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 102 na zaidi. Ongeza mchanga, mawe na kioo, utaona kwamba uzito wote wapita kilo 130. Nyumba nyingi za kale za Mji wa Kale zina sakafu za ghorofa zilizolazwa juu ya boriti za mikoko, na baadhi ya boriti hizo ni za zamani sana. Ukikaa katika nyumba ya namna hiyo, liweke tangi chini, wala si ghorofani. Ikiwa huna budi kuliweka ghorofani, mwite fundi aitazame sakafu, nalo likae karibu na ukuta, juu ya meza imara iliyosimama sawasawa.

Lisiwekwe penye jua la dirishani. Jua hupasha maji moto na kuotesha mwani mwingi. Maji ya bahari yetu huwa na joto la digrii 25 hivi wakati wa baridi ya kusi, na kufika 29 au 30 mwisho wa kaskazi. Tangi la Mombasa halihitaji chombo cha kupashia maji moto; taabu yetu ni joto kuzidi. Joto likizidi, hewa ya oksijeni hupungua majini, na samaki na vijidudu wote hukosa pumzi. Acha juu ya tangi pawe na nafasi ya kupitisha upepo.

Kabla ya kutia cho chote, lioshe tangi kwa maji matupu. Usitumie sabuni. Kisha lijaze maji matamu, uliache mchana na usiku uone kama linavuja.

MAJI

Usiende tu kuchota maji ukingoni mwa Bandari ya Kale. Maji ya huko na ya Mkondo wa Tudor hupokea maji machafu ya mji na mafuta ya vyombo. Mwombe mwenye mashua akuchotee mbali na mji, mahali pa maji safi ya bahari kuu, wakati wa maji kujaa. Siku za bamvua ndizo njema, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu wakati huo tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita meta 3, na maji mapya mengi huingia. Usichote baada ya mvua kubwa za masika, kwa maana mvua huizimua chumvi na kuleta uchafu wa nchi kavu.

Maji hayo yachuje kwa kitambaa safi, uyaweke katika mapipa ya plastiki yaliyofunikwa, yasiyopata kutiwa mafuta wala dawa. Msomaji aliye mbali na bahari aweza kununua chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hii na kuikoroga katika maji matamu, kama gramu 35 kwa kila lita. Chumvi ya jikoni haifai.

Nunua kipimo cha chumvi. Maji yawe na uzito wa 1.024 mpaka 1.026 ukilinganisha na maji matamu. Kisha weka alama ya kalamu kwenye kioo, pale maji yafikapo. Kila siku maji kidogo hukauka, lakini chumvi haikauki. Hubaki ndani na kuzidi ukali. Kwa hiyo ukiona maji yameshuka chini ya alama, jaziliza kwa maji matamu, wala si ya bahari. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yafaa, au ya bomba yaliyotolewa dawa ya klorini. Maji ya visima vya kisiwani hayafai, kwa sababu mengi yana chumvi na uchafu wa mashimo ya vyoo.

MCHANGA NA MAWE

Tumia mchanga mweupe wa matumbawe, uoshwe mpaka maji yake yawe meupe. Vijidudu vyetu, wakati wa kazi yao, hutia maji ukali kama wa siki kidogo kidogo. Mchanga wa chokaa huutuliza ukali huo. Mchanga wa mtoni hauna nguvu hiyo.

Kwa mawe, usiende kuvunja tumbawe lililo hai. Katika Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, hairuhusiwi kutoa tumbawe, samaki wala kombe. Tena huna haja nalo. Jiwe la kale la tumbawe lichimbwalo nchi kavu, lile ambalo kwalo zilijengwa nyumba za Mji wa Kale na kuta za Ngome ya Yesu, lina matundu maelfu, na kila tundu ni nyumba ya vijidudu. Chagua mawe mapya ya machimboni, uyasugue kwa brashi, uyaloweke siku kadhaa. Usichukue mawe ya ukuta uliobomolewa, kwa maana chokaa ya plasta, rangi na simiti huyaharibu maji.

Yapange mawe yasimame imara, na maji yapite katikati yake. Kisha washa pampu na chujio. Kutoka siku hiyo pampu isizimwe, mchana wala usiku.

KUANZA KAZI

Vijidudu huhitaji chakula kabla samaki hajafika, na chakula chao ni amonia. Kuna njia mbili za kuwapa.

Njia ya kwanza ni ya jikoni. Chukua kamba mbichi mmoja, asiyetiwa chumvi wala viungo, umfunge katika kitambaa chepesi, umtumbukize tangini. Akianza kuoza atatoa amonia. Pima maji kila siku, na amonia ikifika miligramu 2 katika kila lita, mtoe kamba.

Njia ya pili ni kutia matone ya amonia safi, isiyo na manukato wala sabuni, kidogo kidogo huku ukipima, mpaka kipimo kifike hapo hapo penye 2. Njia hii ni safi zaidi na haina harufu ya uvundo. Amonia hiyo ni kali. Isikae mahali watoto wanapofika. Kwa njia yo yote, usizidishe. Amonia ikipita 5, hata vijidudu vyenyewe huzuilika.

Kupima ni lazima. Dawa za kupimia huuzwa katika vichupa: unatia maji ya tangi katika kijichupa cha kioo, unadondosha matone, na rangi itokeayo unailinganisha na kadi. Unahitaji dawa tatu: ya amonia, ya nitriti na ya nitrati. Tazama tarehe ya kuharibika kabla ya kununua. Tena uwe na daftari. Andika tarehe na vipimo vyote vitatu, kama mfugaji aandikavyo maziwa ya kila ng'ombe.

Ukimjua mtu mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe konzi moja ya mchanga wake au kipande cha sponji ya chujio lake. Ni mbegu njema. Ilete ikiwa mbichi ndani ya maji yake yale yale, uitie siku hiyo hiyo. Yaweza kukupunguzia majuma mawili ya kungojea. Lakini tangi likiwa na ugonjwa, usichukue kitu.

MAJUMA YA KUNGOJEA

Juma la kwanza. Amonia itapanda. Huenda maji yakawa meupe kana kwamba yametiwa tui. Usiogope, wala usiyamwage. Hivyo ni vijidudu vya kuozesha vilivyozaliana kwa haraka, navyo vitapungua vyenyewe.

Juma la pili na la tatu. Amonia itaanza kushuka, na nitriti itatokea na kupanda. Vumbi la rangi ya kahawia litatanda juu ya mchanga na kioo. Huo ni mwani mdogo sana wa matangi mapya. Kioo waweza kukifuta, mchanga uache.

Juma la nne mpaka la sita. Nitriti itashuka, na nitrati itapanda. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira, kwa maana amonia yasoma sifuri na maji ni maangavu, nao hudhani kazi imekwisha. Haijakwisha maadamu nitriti ingalipo. Matangi mengine huchukua majuma manane, na hiyo si dalili ya kosa.

Utajuaje kwamba tangi liko tayari? Lijaribu. Tia tena amonia mpaka ifike 2, kisha pima baada ya saa 24. Amonia ikisoma sifuri na nitriti ikisoma sifuri, na nitrati imeongezeka, tangi liko tayari. Mmoja wa vipimo viwili vya kwanza ukionyesha cho chote, ngoja siku chache, ujaribu tena. Aliyetumia kamba na atie kipande kingine kidogo, apime kwa muda wa juma zima. Amonia na nitriti zisionekane hata siku moja.

Tangi likisha kuwa tayari, na samaki hawajapatikana bado, usiwaache vijidudu na njaa. Endelea kuwapa amonia kidogo kila baada ya siku mbili.

SIKU YA KUTIA SAMAKI

Siku moja kabla, badilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati iliyokusanyika. Kisha tia samaki mmoja au wawili tu, wadogo na wagumu. Vijidudu ulivyo navyo ni jeshi la kutosha kwa mwanzo. Ukiongeza mzigo ghafla, watalemewa. Ngoja majuma mawili ndipo uongeze mwingine.

Chagua kwa akili. Kitatange ni mzuri machoni, lakini wengi wa jamaa yake hula matumbawe na kukikataa chakula cha tangi. Kangaja hutaka nafasi kubwa ya kuogelea. Chewa hukua haraka na kuwameza wenzake. Ukitaka kuvua mwenyewe samaki wa mapambo, au kuwauza, nenda kwanza katika ofisi ya uvuvi ukaulize habari za leseni.

Mfuko wa samaki uuache uelee tangini kwa dakika 15 hivi, joto lilingane. Kisha tia kikombe kimoja cha maji ya tangi mfukoni, ngoja dakika chache, tia kingine, hivyo hivyo kwa muda wa nusu saa na zaidi. Mwishowe mtoe samaki kwa wavu mwororo, umtie tangini. Maji ya mfukoni yamwage.

Mpe chakula kidogo kiishacho kwa dakika mbili. Pima kila siku kwa juma la kwanza. Amonia ikionekana, au samaki akihema juu ya maji, badilisha thuluthi moja ya maji mara hiyo na punguza chakula. Baadaye pima mara moja kwa juma, na badilisha sehemu moja ya kumi ya maji kila juma.

MAMBO YAUAYO VIJIDUDU

Wako wenye matangi ambao hungojea majuma sita kwa uaminifu, kisha huwaua wafanyakazi wao kwa siku moja. La kwanza ni kuosha sponji ya chujio kwa maji ya bomba. Klorini iliyotiwa katika bomba ili kuua vijidudu vya magonjwa haichagui. Ioshe sponji katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini.

La pili ni kuzima pampu usiku ili kupunguza gharama ya umeme. Vijidudu huhitaji oksijeni kama wewe. Umeme wenyewe ukikatika, chota maji kwa kata na kuyamimina tena kutoka juu, mara kwa mara, mpaka umeme urudi. Au uwe na pampu ndogo ya hewa itumiayo betri.

La tatu ni dawa. Samaki akiugua, mtibu katika chombo kingine. Dawa nyingi za kuua vijidudu vya ugonjwa huua na vijidudu vyema.

La nne huwaua samaki wenyewe: dawa ya mbu ya kupuliza. Hata kidogo chake kikiingia majini ni sumu kwao. Katika chumba chenye tangi, usipulize dawa ya wadudu.

WAFUGAJI WA MABWAWA NAO

Msomaji mwenye bwawa la mwatiko au la ngege atatambua kwamba yeye naye hufanya jambo la jamaa na hili. Hukausha bwawa, hutia chokaa na samadi, huingiza maji, kisha hungoja maji yapate rangi ya kijani au mwani utande chini, ndipo atie vifaranga. Katika bwawa mwani na tope husaidia kuila amonia. Lakini ikiwa utafuga samaki au kamba katika matangi yanayozungusha maji yale yale, kanuni za ukurasa huu ndizo zako neno kwa neno, na hasara ya haraka itakuwa ya vifaranga maelfu. Kwa shauri zaidi, mwone Bwana Samaki wa kaunti yako. Kule Mkomani, Mombasa, iko Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambako wataalamu huchunguza mambo ya ufugaji wa baharini.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Maji maangavu si dalili ya maji salama. Pima.
2. Tia amonia kwanza, samaki baadaye. Usimfanye samaki kuwa kifaa cha kujaribia maji.
3. Amonia hupanda na kushuka, kisha nitriti hupanda na kushuka, nitrati hubaki.
4. Ngoja majuma manne mpaka manane. Daftari ndilo liamue, si hamu yako.
5. Tangi liko tayari linapoweza kuimaliza amonia ya 2 na nitriti yake kwa saa 24.
6. Samaki wawili kwanza. Wengine baada ya majuma mawili.
7. Sponji ioshwe kwa maji ya tangi. Pampu isizimwe.
8. Tumbawe lililo hai liache baharini.

Mkulima hapandi kabla mvua haijanyesha, hata kama jembe liko tayari na mbegu ziko ghalani. Nawe ukiisha kulijaza tangi lako, liache lingurume peke yake pale ukutani. Wageni watakuuliza kwa nini unatunza tangi lisilo na samaki. Waambie kwamba limejaa tele, ila wakaaji wake ni wadogo mno.